Ukweli tuuombe, asante tusiidai

Kila Ramadhani ikikaribia, simu zetu hujaa picha za aina moja. Bango lenye jina la mfadhili limetundikwa ukutani, mbele yake imepangwa mifuko ya unga, sukari, mchele na tende, na mama mmoja amesimamishwa katikati. Mikono miwili imeshika mfuko uleule, wake na wa mtoaji, na nyuso zote zimeelekea kwenye kamera. Maelezo ya chini hayabadiliki: wajane na wazee wa mtaa fulani wameishukuru taasisi fulani kwa moyo wake wa huruma. Picha hizi zinaniuma. Ninaishi Tanga, nimekaa kwenye kamati ya kugawa futari kwa miaka kadhaa, na ninayajua yanayotokea kabla kamera haijawashwa na baada ya kuzimwa.

Mwaka jana tuligawa kwenye ua wa madrasa moja huku Ngamiani. Mfadhili alikuja na kijana wake wa kamera. Bibi mmoja, mjane anayekaanga mihogo jioni pale kona, alipokea mzigo wake, akamtazama mfadhili, akasema, "Allah akulipe mwanangu, akuzidishie, akuhifadhie na watoto wako." Akageuka aende zake. Kijana akamwita: "Bibi, samahani, rudi kidogo, maikrofoni haikuwaka. Sema tena, halafu utaje na jina la taasisi." Bibi akarudi. Mfuko ukachukuliwa mikononi mwake, akakabidhiwa upya kana kwamba ndiyo kwanza anapewa. Akaanza, "Tunaishukuru..." na jina likampotea. Kijana akamnong'oneza, naye akalifuatisha neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni. Ile dua ya kwanza ilitoka moyoni na hakuna aliyeirekodi. Iliyosambazwa ni hii ya pili.

Watu wengi ninaowaheshimu hawaoni ubaya wowote hapo. Mfadhili ametoa fedha, naye ana watu waliomchangia wanaotaka kuona kazi imefanyika. Na kusema asante kunamgharimu mtu nini?

Kunamgharimu sana. Huku kwetu mtu akipungukiwa, jambo la kwanza analolitafuta ni kusitirika. Atapika uji ndani, mlango umerudishwa, majirani wasijue kwamba leo hakuna ugali. Atamtuma mtoto dukani kukopa sukari usiku, wateja wakishapungua. Ukimsimamisha mtu huyo mbele ya bango, umemvua sitara aliyoihangaikia mwaka mzima, ukampa kilo chache za unga badala yake. Yule bibi ana mjukuu anayesoma sekondari, na wenzake wote wana simu. Mfuko ule ulilipiwa palepale uani, na aliyelipa ni bibi.

Na sisi tunaogawa futari tunayasoma maandiko yanayotukataza haya. Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi. Sura ya Al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, huku wakisema hawataki kwao malipo wala shukrani. Malipo na shukrani vimewekwa bega kwa bega. Mimi naielewa hivi: shukrani ukiisubiri kama haki yako, imekwisha kuwa malipo, na ulichofanya kimekuwa biashara na mtu asiye na kitu cha kuuza ila uso wake.

Mzee mmoja wa kamati alinijibu kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.), kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Hadithi hiyo naikubali kwa moyo mmoja. Lakini tuangalie inasema na nani. Inasema na aliyepokea, inamfunza adabu yake yeye. Mtoaji hakupewa humo daftari la kukusanyia asante. Ndugu zetu Wakristo nao wanayo habari ya wakoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17. Wote kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu kushukuru, tena Msamaria. Yesu akauliza wale kenda wako wapi. Aliuliza, kwa hiyo kukosa shukrani kunauma, na sitajifanya hakuumi. Mtu uliyemsomeshea mtoto akikupita njiani bila salamu, usiku utalifikiria jambo hilo. Ila katika wale kenda hakuna aliyerudishiwa ukoma wake.

Kwenye ukweli, hata hivyo, siko pamoja na wanaosema tenda wema nenda zako, usiulize. Msemo huo unamfaa anayetoa cha mfukoni mwake. Sisi wa kamati tumeshika fedha za watu wengi, na hiyo ni amana. Mifuko ikiwa 80 na majina yakiwa 120, anayejiandikisha kwenye msikiti huu, na ule, na wa tatu, anamnyang'anya jirani yake aliye mwisho wa foleni, yule ambaye mfuko hautamfikia. Mfadhili hapungukiwi na kitu, yeye ameshatoa. Ndiyo maana nasema haki ya kuambiwa ukweli si mali ya mtoaji hata kidogo. Ni ya yule wa nyuma kwenye foleni, na anayeuliza maswali anauliza kwa niaba yake.

Tanzania tumeliona hili kwa kiwango kikubwa. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000, na baadaye ukaja mpango wa kunusuru kaya maskini, wenye ruzuku za fedha na masharti yake ya watoto kuhudhuria shule na kliniki. Majina ya walengwa hupitishwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, mbele ya watu wanaojuana. Pamoja na hayo zikapatikana kaya hewa, na serikali ikalazimika kuhakiki na kuziondoa. Kila kaya hewa iliyopokea ruzuku, kulikuwa na kaya ya kweli, yenye watu na sufuria tupu, iliyoachwa nje. Mtu akiniambia kuuliza ni kumdhalilisha maskini, namkumbusha maskini yule aliyekosa kwa sababu hatukuuliza.

Lakini tuulize vipi? Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu kuliko mahali pengine popote.

Kikundi chetu cha WhatsApp, cha tuliosoma pamoja, kilimchangia mwenzetu mmoja upasuaji wa mke wake. Alitutajia milioni moja na laki mbili. Zikapatikana, mke akapona. Kisha mmoja wetu akaja kujua kwamba bili ya hospitali ilikuwa laki saba. Usiku huo kikundi kiliwaka moto. Tapeli, wakamwita. Wengine wakadai warudishiwe elfu kumi kumi zao, na kabla hata hajajibu admini alikuwa ameshamtoa kikundini. Mimi nikampigia. Alikuwa akiendesha bajaji ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Alipokaa wiki nyingi akiuguza, mwenye bajaji akampa dereva mwingine, na kodi ya nyumba ikalimbikizana mpaka mwenye nyumba akamwambia atoe vyombo. Ile laki tano ilikwenda huko. Akaniuliza, "Kaka, ningeandika naomba mnichangie kodi, nani angetuma?"

Nilinyamaza, kwa sababu nawajua wenzangu na ninajijua. Kwa upasuaji tunatoa. Kwa msiba tunatoa siku hiyohiyo. Kwa harusi tunatoa mpaka kwa kukopa. Kwa kodi ya nyumba ya mtu mzima mwenye nguvu zake, tunaandika "pole sana ndugu" na kuendelea na mazungumzo mengine. Alitudanganya, na nilimwambia wazi kwamba alikosea, kwamba alitakiwa kutuambia ukweli wote na kutuachia sisi aibu ya kukataa. Lakini ukweli ukiadhibiwa kila unaposemwa, watu huacha kuusema. Nimeona televisheni ndogo ikihamishiwa kwa jirani, imefunikwa kanga, asubuhi ya siku ambayo wakaguzi wa msaada wanapita, kwa sababu fomu ina kisanduku cha televisheni na watu wameshajua kisanduku hicho kinakata jina. Mama yule hakuwa tajiri. Alikuwa na televisheni ya enzi mumewe yuko hai, na watoto watatu waliolala bila kula. Fomu ile haikutaka kujua walikula nini. Ilitaka kujua ana nini ukutani. Tumetengeneza mlango ambao hauingiliki ila kwa kuinama kidogo kwenye uongo, halafu tunawashangaa waliopita.

Na mtu akishadanganya, je? Akatiwe kabisa msaada, walisema kwenye kikundi. Katika historia ya Uislamu kuna kisa ambacho kila anayesimamia sadaka angepaswa kukijua. Abu Bakr alikuwa akimtunza jamaa yake maskini, Mistah bin Uthatha. Ulipozuka uzushi dhidi ya Bibi Aisha, binti wa Abu Bakr mwenyewe, Mistah alikuwa miongoni mwa waliousambaza. Fikiria: mtu unayemlisha anamchafua mwanao mbele ya mji mzima. Abu Bakr akaapa kwamba hatampa tena chochote. Ikashuka aya ya 22 ya Sura ya An-Nur, kwamba wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa, maskini na waliohama katika njia ya Mwenyezi Mungu, wasamehe, kwani wao hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Abu Bakr akarudisha matumizi ya Mistah. Mapokezi yanasema pia kwamba Mistah aliadhibiwa kwa uzushi ule. Kosa lilihukumiwa mahali pake, na chakula kikabaki chakula. Ndivyo ningependa tufanye. Anayejiandikisha mara tatu aambiwe, afutwe mara mbili, abaki na fungu lake moja kama njaa yake ni ya kweli.

Jambo jingine. Maswali yetu yote tunamuelekezea aliye chini, wakati fedha hupita mikono mingi kabla ya kumfikia. Shirika la GiveDirectly limekuwa likiwapa watu wa Siaya, Kenya, fedha taslimu kupitia M-Pesa bila masharti ya matumizi. Wengi walitabiri zitaishia kwenye pombe. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia kaya zilizopokea fedha hizo, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha ongezeko la matumizi ya pombe wala tumbaku. Shirika hilohilo ndilo lililotangaza, mwaka 2023, kwamba lilipoteza takriban dola 900,000 huko Kivu Kusini, Kongo, fedha zilizokusudiwa kwa maskini. Walioziiba ni baadhi ya wafanyakazi wake wakishirikiana na watu wa nje. Nalisifu kwa kusema hadharani. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, za mwaka 1994, zilishasema kwamba anayetoa misaada awajibike kwa pande zote mbili, kwa waliompa fedha na kwa wanaosaidiwa. Zinasema pia kwamba waathirika waonyeshwe kama binadamu wenye heshima zao. Ni lini mliona kamati ya mtaa ikimsomea mlengwa hesabu? Tunajua bibi ana sufuria ngapi. Bibi hajui mafuta ya gari lililoleta mifuko yalikuwa shilingi ngapi, wala nani alilipwa posho.

Kwa Ramadhani ijayo nimepeleka mapendekezo kwenye kamati yetu. Mifuko ipelekwe majumbani baada ya tarawehe, bila bango. Kamera ipige bidhaa na risiti za dukani. Fomu iache kuuliza vitu vya ukutani, iulize jana mlikula nini na leo mna nini, na iwe na nafasi ya mtu kusema shida yake hasa, hata ikiwa ni kodi. Karatasi ya mapato na matumizi, posho zetu zikiwemo, ibandikwe mlangoni mwa madrasa mahali kila mtu anaweza kuisoma. Wajumbe wengi wamekubali. Mweka hazina anasita, maana mfadhili mkubwa kuliko wote ameshasema bila video hatoi, na bila yeye kuna nyumba zitakosa. Hoja yake ni nzito na siibezi.

Nimeomba nikamwone mfadhili huyo mwenyewe kabla ya Shaaban kuisha. Akishikilia video yake, basi tuwaulize wenyewe, mmoja mmoja, nyumbani kwao, kabla ya siku ya kugawa: unaridhia kupigwa picha? Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha ya mtu ni katika taarifa zake. Mwenye kuridhia aende akashukuru mbele ya kamera kwa maneno yake mwenyewe, mara moja. Asiyeridhia apelekewe mfuko uleule, wenye uzito uleule, siku ileile.