Nane mbili na aibu ya kutupa karata

Sisi watu wa Unguja karata tumezizoea tangu udogoni. Lakini karata zetu ni za turufu: ukishagawiwa unacheza mpaka ya mwisho, ukitafuta pointi 61 zako za kushinda, na hata mkono mbovu huwa na kiturufu kimoja cha kumkatia mtu ree (A) yake. Hakuna anayelaza karata chini akasema mimi basi. Naamini hapo ndipo poka inapotushinda. Kutupa tunakuona aibu, na jozi ya katikati, saba, nane au tisa mbili, ndiyo inayotuponza zaidi.

Juzi baada ya Isha tulikuwa wanne barazani, Kikwajuni. Pesa hatuchezei, tuligawana komwe, zile mbegu za bao, za bao mbili, 32 kila mtu. Niligawa mimi. Nikainua pembe za karata zangu: nane ya kopa, nane ya shupaza. Rafiki yangu, ambaye tangu tukae hajatoa zaidi ya komwe mbili, akasukuma sita.

Hapo ndipo pa kufikiri. Kama ameshika ree na mzungu wa nne (K), nane zangu zinamtangulia kidogo, kama mara 55 katika 100. Kama ana kumi mbili au zaidi, nimebaki na kama 20 tu. Na nane ya tatu? Katika zile karata tatu za mwanzo zinazofunuliwa katikati kwa wote huja mara moja katika kila nane au tisa. Kwa kuwa komwe sita ningezipoteza mara saba au nane kwa kila moja ya kufaulu, zilitaka zinirudishie zaidi ya 45, na hata ningemkomba zote, pamoja na tatu ambazo wale wawili waliziweka kwa lazima kabla ya karata kugawiwa, ningepata 35. Mtu mkimya akisukuma namna ile, nane hutupwa.

Sikutupa. Wale wawili wakajitoa. Chini zikalala mzungu wa nne wa pau, tano ya uru, mbili ya shupaza. Katikati komwe 15, naye akaongeza 15 bila kuniangalia. Nilipe 15 nipate 30: lazima nishinde angalau mara moja katika tatu. Kama ana mzungu mwingine mkononi, nimebakiwa na nane mbili tu za kuniokoa, nafasi kama 8 katika 100 kwa karata mbili zilizobaki kufunuliwa.

“Yakhe, umeogopa?” akauliza jirani yangu, ambaye hakuwa na karata hata moja.

Nikalipa. Neno lile ndilo lililolipa, si hesabu. Ikaja tatu ya kopa, mwenzangu akasukuma 11 zake zote, nami ndipo nilipozilaza nane zangu. Akafunua: ree na mzungu wa nne. Komwe 21 zilikuwa zimeshavuka upande wa pili wa mkeka, na sita za mwanzo ndizo zilizozivuta nyingine.