Saratani ya ini tusiisingizie ukoo

Baba anafariki tumbo limejaa maji. Baada ya miaka michache anafuata mdogo wake, hata hamsini hajafika. Msibani wengine husema ukoo ule una mkosi. Wenye shule kidogo husema ni vinasaba. Wote nawapinga, maana maneno hayo huwafanya waliobaki wakae kusubiri zamu yao.

Vinasaba vinachangia, sikatai. Kuna aina ya jeni ya PNPLA3 inayolimbikiza mafuta kwenye ini, na kuna ugonjwa wa kurithi wa madini ya chuma kuzidi mwilini, unaowapata zaidi wenye asili ya Ulaya kaskazini. Lakini saratani ya ini iliyoua watu wapatao 758,000 duniani mwaka 2022 imeelemea zaidi Asia na Afrika, na Mongolia ndiyo inayoongoza kwa kiwango. Huku kwetu Tanzania, kinachopita ndani ya familia mara nyingi ni kirusi cha homa ya ini B. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki nacho maisha yote ni kama asilimia 90. Kwa mtu mzima haufiki 5.

Halafu kuna sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu unaoota kwenye nafaka kama mahindi. Sumu hii huharibu jeni ya TP53, inayozuia seli kuzaliana ovyo, tena mara nyingi mahali palepale kwenye msimbo wake, herufi tatu ziitwazo kodoni ya 249. Alama hiyo ilionekana mwaka 1991 kwa wagonjwa wa Qidong, China, na wa kusini mwa Afrika. Jeni ilirithiwa nzima, chakula kikaiharibu. Mwenye kirusi akila sumukuvu, hatari huongezeka maradufu na zaidi.

Na sisi tukichambua mahindi, punje zenye ukungu wa kijani hatuzitupi. Zinakwenda kwa kuku, au kwenye pombe. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, ilizika watu 20 kwa msimu mmoja, bila hata kungoja saratani.

Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ikapungua kwa karibu nusu. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Ratiba yetu kwa miaka mingi imeanzia wiki ya 6, kirusi kikiwa kimeshaingia. Naitaka dozi hiyo leba, hadi zahanati ya kijijini, mama apewe mtoto akiwa ameshachanjwa. Na ukoo uliozika wawili, twendeni tukapime damu.