Bahasha iliyofunguliwa Arcadia

Yanapotajwa mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya nafasi yenyewe, sifa zote huenda kwa Einstein na kwa mashimo meusi yaliyogongana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 kutoka hapa. Kwa maoni yangu, wanaostahili sifa zaidi ni watafiti wa LIGO, mradi wa Marekani wa kuyanasa mawimbi hayo, waliokubali kutegwa na wenzao wenyewe.

Intafirometa ya leza, chombo chao cha kupimia, ni rahisi kuieleza. Mwale mmoja hugawanywa katika miale miwili, kila mmoja ukapita ndani ya mkono wake, yaani bomba la urefu wa kilomita 4 lililotolewa hewa, ukaenda na kurudi mara nyingi kati ya vioo, kisha miale hiyo hukutanishwa kwa namna ya kufutana. Wimbi likipita, mkono mmoja hurefuka na wa pili hufupika, miale hushindwa kufutana sawasawa, na mwanga hafifu huvuja hadi kwenye kitambuzi. Kazi ngumu ni kwamba badiliko hilo halifikii hata sehemu moja kwa mia ya upana wa protoni, ilhali lori linalopita barabarani, upepo na hata mawimbi ya bahari ya mbali huvitikisa vioo kuliko hivyo. Ndiyo maana kila kioo, chenye uzito wa kilo 40, kimening'inizwa kwa nyuzi za silika zenye unene wa milimita 0.4 tu.

Katika kelele kama hizo, mtu anayetamani kuona ishara ataiona. Joseph Weber alitangaza mwaka 1969 kwamba ameyanasa mawimbi hayo kwa mitungi yake ya alumini, lakini waliojaribu kurudia kazi yake hawakupata kitu.

Basi Septemba 2010 kikundi kidogo kilichopewa ruhusa kilivisukuma vioo kwa siri ili kuiga wimbi. Wenzao waliichambua ishara hiyo kwa miezi kadhaa, wakaiandikia makala kamili ya kisayansi, na Machi 2011, mkutanoni Arcadia, California, bahasha yenye siri hiyo ilipofunguliwa wakaambiwa kwamba ilikuwa ya kupandikizwa. Wapo watakaosema huo ulikuwa upotevu wa muda; mimi siafiki hata kidogo.

Tarehe 14 Septemba 2015 ishara ya sekunde 0.2 ilifika kwenye kituo cha LIGO cha Livingston, Louisiana, na milisekunde 7 baadaye ikafika kile cha Hanford, Washington, kilomita 3,000 kutoka hapo. Mtafiti Marco Drago, aliyeiona kwanza akiwa Hannover, Ujerumani, alidhani ni pandikizi jingine, kwa jinsi ilivyokuwa safi mno. Wakati huo mfumo wa kupandikiza haukuwa ukitumika. Hata hivyo walichunguza kila njia, ikiwemo uwezekano wa mhujumu kuingilia mitambo, na hawakuutangazia ulimwengu hadi tarehe 11 Februari 2016.