Korg M1 yangu haiuzwi

Juzi kijana mmoja alikuja studio, akaitazama Korg M1 yangu, kinanda cha umeme cha zamani kutoka kampuni ya Korg, akasema: "Anko, hili si uuze tu? Sauti zake zote zipo kwenye kompyuta." Imeniudhi, na bado inaniudhi.

Ni kweli zipo. Korg wenyewe wametoa programu yake, na ukinifumba macho sidhani kama nitazitofautisha. Nakubali kwa shingo upande.

Ila mimi similiki sauti, namiliki ala. Mwaka 1988, M1 ilipotoka, chipu za kumbukumbu za kuhifadhi sauti zilikuwa ghali. Mafundi wa Korg walibana piano, ogani, kwaya na ngoma ndani ya megabaiti 4. Wakarekodi mwanzo wa noti, kisha kipande kifupi kikawa kinajirudia mpaka uachie kibonye. Ndiyo maana piano yake haidanganyi mtu kuwa ni piano ya mbao. Inagonga kwa ukali na kupenya katikati ya besi na ngoma, na watu wa house, ule muziki wa kielektroniki wa kuchezea, waliipendea hilo. Halafu inatoa sauti 16 tu kwa wakati mmoja. Ukipanga kila noti itoe sauti mbili kwa pamoja, zinabaki noti 8. Kanyaga pedali huku umeshika noti nyingi, utasikia za mwanzo zinakatika. Basi unajifunza kuacha noti zisizo na kazi. Programu nayo unaweza kuibana hivyo, lakini nani anaibana, wakati sauti nyingine elfu zinamsubiri pembeni?

Na kuna jukwaa. Kwenye harusi moja, laptopu ya mpiga kinanda wetu ilianza kudai uthibitisho wa leseni wakati maharusi wako mlangoni. Intaneti hakuna. Tuliwaingiza kwa gitaa na ngoma, bibi harusi anatutazama. M1 ukiiwasha inapiga, haimuombi mtu ruhusa.

Uzito wake unaumiza mgongo, sibishi.

Ukitaka kununua, ulizia betri ya ndani. Ikifa, rekodi za kiwandani zinabaki kwenye chipu, lakini mipangilio yote ya sauti inafutika, kwa hiyo ihifadhi mapema kupitia MIDI, njia ya kupitisha data kati ya ala na kompyuta. Gusa vibonye vyote 61, kimoja kimoja, polepole kisha kwa nguvu. Muuzaji akikuharakisha, mwachie kinanda chake.