Ubao wa Mninga na Rambirambi za Karonga

Mradi wa utafiti wa lishe ya watoto ulioniajiri nchini Malawi ulikuwa na kila kitu isipokuwa mbao za kupimia urefu. Zilizoagizwa ng'ambo zilikuwa bado njiani, na msimamizi wangu, mama mmoja wa Kimalawi asiyependa visingizio, akanitumia mchoro na fedha ili nichongeshe ubao mmoja Mbeya kabla sijavuka mpaka. Mtoto wa chini ya miaka miwili hapimwi akiwa amesimama. Hulazwa chali juu ya ubao, mtu mmoja akamshika kichwa kiguse kizuizi cha juu, mwingine akamnyoosha magoti na kusogeza kipande cha miguuni mpaka kiguse nyayo, kisha urefu ukasomwa hadi milimita. Ubao ukipinda, mtoto mwenye siha yake ataandikwa kuwa amedumaa; na katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, hakuna aliyetaka seremala atuongezee wengine.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa hodari kweli. Alichagua mninga uliokauka, akaupiga randa ukawa laini, na aliposikia kwamba chombo hicho kinakwenda safari ndefu, akakitengenezea na kasha la kukihifadhi, lenye kifuniko, vanishi iliyokolea na vishikio vinne vya shaba ubavuni. Kazi yake ya kila siku ilikuwa majeneza, na vishikio alikuwa navyo tele. Ili vanishi isichunike njiani, akalizungushia kasha lote bafta nyeupe na kuikaza kwa kamba. Afadhali msalaba hakuuweka.

Mpakani Kasumulu sikuona ajabu yoyote, isipokuwa upole. Nilivuka daraja la Mto Songwe nikiwa na vijana wawili wa mizigo waliobeba kasha kwa mwendo wa taratibu, wasiongee, ilhali wenzao walikuwa wakikimbizana na mikokoteni. Ofisa wa upande wa pili aliliangalia kasha, akaniangalia mimi, akavua kofia na kunigongea muhuri bila swali hata moja. Nilikuwa nimesikia sifa za ukarimu wa Wamalawi tangu nikiwa chuoni Morogoro, nikaona kumbe hazikutiwa chumvi.

Kwenye minibasi ya kwenda Karonga, kondakta alikuwa akigombana na mchuuzi wa Kyela kuhusu nauli ya gunia la mchele. Aliponiona akanyamaza, akaamuru kiti chote cha nyuma kiachwe wazi, akasaidia kulilaza kasha hapo kwa mikono yake, na nilipotoa kwacha za mzigo akanirudishia mkono. “Mzigo kama huu hatuulipishi, kaka,” alisema kwa Kiswahili safi, kama walivyo wengi wa upande ule. Niliketi kando ya bibi mmoja wa Kyela aliyekuwa na kapu la dagaa.

“Pole sana, mwanangu,” alisema.

“Shikamoo, bibi. Nimeshapoa, safari si mbaya.”

“Marahaba. Ni wako?”

“Hapana, bibi, ni wa mradi.”

Bibi alilisogeza kapu lake upande wa pili. “Wa mradi?”

“Ndiyo. Ni wa watoto wadogo. Walio chini ya miaka miwili tunawalaza, waliozidi hapo tunawasimamisha.”

“Mnawasimamisha,” alirudia, akiwa amefumba macho.

“Ndio utaratibu, bibi. Umewekwa na Shirika la Afya Duniani.” Kwa kuwa aliuliza kwa sauti ndogo kama hilo moja litatosha, na mimi sikutaka aone mradi wetu hauna uwezo, nilimtoa wasiwasi: “Litatosha sana. Tukilitunza vizuri, mwaka huu tunategemea kulaza watoto mia nne.”

Habari hiyo aliipeleka kiti cha mbele yake, nacho kikaipeleka kwa kilichofuata, ikipunguzwa na kuongezwa kila ilipofika, hata ilipomfikia dereva ilikuwa imekamilika: kijana wa nyuma amefiwa na mtoto na akili zimemruka. Dereva aliwasha taa mchana kweupe na kupunguza mwendo. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa mazishi kwa Kitumbuka, wengine wakaupokea kwa sauti nne zilizopangika vizuri kabisa. Waendesha baiskeli walishuka na kusimama kando ya barabara, na tulipopita Kaporo wanaume waliokuwa wakicheza bao walisimama wote wakiwa wameshika kofia kifuani. Kushoto kwetu, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, lilikuwepo ziwa ambalo kwetu ni Nyasa na kwao ni Malawi, na nakiri hiyo haikuwa siku ya kuanzisha mjadala huo.

Nilielewa kofia ya kondakta iliponifikia imejaa noti.

“Jamani, humu hamna mtu!” nilipaza sauti. “Ni ubao tu!”

Mzee aliyeketi mbele aligeuka na kunishika bega. “Uchungu wa mwanzo ndivyo ulivyo, mwanangu. Mimi nilipofiwa na kaka yangu nilisema hivyohivyo.” Nikasema basi nitalifungua waone kwa macho yao, nikaanza kufungua kamba. Wanaume watatu wakanidaka mikono. Kondakta alinisihi nisifanye hivyo mbele ya akina mama, kisha akanipa maji ya kunywa na kuniwekea mtu wa kunilinda. Saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo mpakani nilikuwa nimepewa saa nzima ya bure. Yote iliishia barabarani.

Karonga dereva hakusimama stendi. Alinipeleka hadi kwenye kliniki ambako msimamizi wangu alikuwa amekusanya akina mama kwa ajili ya mafunzo ya upimaji, akaingia uani na basi zima likiimba. Akina mama walipoona kinachoshushwa walibeba watoto wao na kutawanyika. Msimamizi wangu hakutawanyika. Alikata kamba, akafunua kifuniko mbele ya waombolezaji waliojipanga mistari miwili, akatoa utepe wa chuma mfukoni, akaupima ubao mara mbili na kutamka: “Kipande cha miguuni kimelegea milimita mbili. Huyu fundi ulimlipa yote?”

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Bibi wa Kyela alisogea, akachungulia, akagonga mninga kwa kidole na kusema kwamba yeye hajaridhika mpaka aone mtoto akiingia na kutoka. Abiria mmoja alimtoa binti yake wa mwaka mmoja mgongoni. Kipande kikakazwa, mtoto akalazwa, akapiga yowe lililomaliza shaka zote za uhai wake, na kipimo kikasomeka sentimita 74, ambayo kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 ndiyo katikati kabisa kwa msichana wa umri huo. Basi zima lilishangilia. Mzee aliyefiwa na kaka alidai naye apimwe, akaambiwa ubao unaishia sentimita 110.

Noti zilibaki. Niliwarudishia, wakakataa wote, wakisema fedha iliyotolewa kwa msiba haiingii tena mfukoni kwa mwenyewe. Tukainunulia karanga, soya na sukari kwa uji wa siku za kupima, na kwa kuwa mradi ulitaka kila senti iandikwe, nilijaza fomu, na kwenye safu ya chanzo cha fedha nikaandika “rambirambi”, kwani hapakuwa na jina lingine la kweli. Mhasibu wa makao makuu alijibu kwa adabu: “Pokea pole zetu. Tafadhali ambatisha cheti cha kifo.” Nakala aliipeleka kitengo cha wafanyakazi, nacho kikanipa likizo ya msiba, ambayo msimamizi wangu aliifuta siku hiyohiyo kwa sababu kulikuwa na kaya za kupima.