Baada ya hukumu ya SHA: serikali iliipata amri ya kusitisha hukumu, ikapoteza wachangiaji

Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya, Alfred Mabeya, Robert Limo na Fridah Mugambi, waliamua kwamba sheria tatu za afya za mwaka 2023 zinakiuka katiba: Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, Sheria ya Afya ya Msingi na Sheria ya Afya ya Kidijitali. Sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Bunge likapewa siku 120 kurekebisha. Siku moja tu kabla ya hapo, Rais William Ruto alikuwa ametimua karibu baraza lake lote la mawaziri, Waziri wa Afya akiwemo. Na tangu vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waingie Bungeni tarehe 25 Juni hazikuwa zimepita hata wiki tatu.

Wengi waliisimulia hukumu ile kama mechi: mlalamishi kashinda, serikali kashindwa, kisha Mahakama ya Rufaa ikaisitisha hukumu tarehe 20 Septemba na SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya jamii, ikaanza kazi Oktoba mosi. Simulizi hiyo inaacha jambo kubwa zaidi. Bima ya afya katika nchi ambayo wafanyakazi wengi hawana mwajiri wa kuwakata mshahara haiwezi kusimama kwa amri ya korti peke yake. Inasimama mama mboga anapoamua kwa hiari yake kutuma pesa. Kwa hiyo swali la kama wananchi walishirikishwa, ambalo mawakili wa serikali walilichukulia kama suala la utaratibu, ndilo lililobeba hesabu yote ya mfuko.

Tuanze na pesa zenyewe. Chini ya NHIF, bima ya afya ya taifa iliyotangulia SHA, mwajiriwa alikatwa kwa ngazi, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700 kwa mwezi, na asiye na mwajiri alilipa 500. Sheria mpya ilileta asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini cha shilingi 300. Anayepata 20,000 alishuka kutoka 750 hadi 550. Wa 30,000 alishuka kutoka 900 hadi 825. Wa 40,000 akapanda kutoka 1,000 hadi 1,100, na wa 100,000 akaruka kutoka 1,700 hadi 2,750. Mwenye nusu milioni, aliyekuwa akilipa 1,700 ileile, sasa anakatwa 13,750. Naunga mkono kanuni hiyo: mwenye nacho abebe zaidi. Lakini iliwabana walimu, wauguzi na makarani wa ngazi ya kati, watu wenye vyama na wenye sauti, huku nafuu ikiwaendea watu wasio na msemaji. Mageuzi ya aina hiyo yanahitaji kuuzwa kwa wananchi kijiji kwa kijiji kabla hayajapigiwa kura. Haya yalipita mabunge yote mawili kwa haraka, yakatiwa saini tarehe 19 Oktoba 2023, mkesha wa sherehe za Mashujaa kule Kericho ambazo kaulimbiu yake ilikuwa afya kwa wote.

Kwa aliye nje ya ajira rasmi kulikuwa na mwiba mwingine. Mchango wake ulitakiwa kulipwa kwa mkupuo, mwaka mzima mbele, baada ya mfumo kukadiria uwezo wa kaya yake kwa maswali kuhusu nyumba, maji, choo na vitu alivyo navyo. Hata kwa kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600 kwa pigo moja. Mtu wa bodaboda anayehesabu mapato kwa siku hana 3,600 zilizokaa zikisubiri Januari. Vikao vya kweli vya umma katika kaunti vingelisema hilo siku ya kwanza, na wala lisingehitaji mtaalamu.

Kisha kuna vifungu vitatu vya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ambavyo kila anayetaka kuuelewa mgogoro huu anapaswa kuvijua. Kifungu 26(5) kilitaka uthibitisho wa usajili na michango kabla mtu hajapata huduma yoyote ya serikali kuu au ya kaunti. Kifungu 27(4) kilisema hatibiwi chini ya bima ila yule ambaye michango yake imelipwa hadi leo. Kifungu 47(3) kilitaka kila mtu awe na kitambulisho maalumu katika mfumo ili ahudumiwe. Jaji Chacha Mwita alizisimamisha sheria hizo tarehe 27 Novemba 2023. Mahakama ya Rufaa ilipolegeza amri hiyo tarehe 19 Januari 2024, iliviacha vifungu hivyo vitatu vikiwa vimefungwa. Hapo serikali ilikuwa imeonywa waziwazi, miezi sita kabla ya hukumu: hapa ndipo panapouma. Kipengele cha 43 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na hakiulizi kama amelipa.

Miezi sita hiyo ingetosha kurekebisha. Najua ingetosha kwa sababu serikali hiyohiyo ilifanya hivyo upande wa pili. Tarehe 28 Novemba 2023, siku moja tu baada ya amri ya Jaji Mwita, Mahakama Kuu iliifuta ada ya nyumba ya asilimia 1.5. Mahakama ya Rufaa ikakataa kuizuia hukumu hiyo mnamo Januari 2024. Kwa kuwa mlango wa rufaa ulikuwa umefungwa, serikali ilirudi Bungeni, ikaandika sheria nzima upya, kamati zikazunguka kaunti kusikiliza watu, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini Machi 2024. Ilipopingwa tena, Mahakama Kuu iliipitisha Oktoba mwaka huohuo. Watu wengi bado hawaipendi ada hiyo, na hilo ni haki yao. Lakini iko juu ya msingi wa sheria ambao korti imeukagua na kuukubali.

Kwa afya, mlango wa rufaa ulifunguka, na hiyo ikawa hasara. Amri ya kusitisha hukumu ni dawa ya kutuliza maumivu: inakupa muda, haigusi kidonda. Serikali ilipoipata Septemba ilikuwa na nafasi ya kuendesha rufaa huku Bunge likivirekebisha vile vifungu. Ilichagua kukimbilia Oktoba mosi.

Kwa nini? Jibu la kisiasa liko katika kura ya Mswada wa Fedha wa 2024. Wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, na ndani ya saa chache baadhi yao walikuwa wakikimbia kuokoa maisha na mali zao. Kesho yake Rais mwenyewe akakataa kuutia saini. Baada ya hapo, nani angesimama Bungeni Agosti au Septemba kupigia kura makato ya lazima kwa mara ya pili? Kiranja gani angemwambia mbunge arudi eneo lake akatetee asilimia 2.75? Hapo ndipo hukumu ilipoongeza bei ya kisiasa ya mageuzi: kura iliyokuwa rahisi Oktoba 2023 ikawa haiwezekani Julai 2024. Korti iliwataka wabunge wazungumze na wananchi katika msimu ambao wabunge waliwaogopa wananchi kuliko wakati wowote.

Gharama ikaangukia hospitali. Kwa miezi kumi hivi NHIF ilikuwa imefutwa kwenye karatasi lakini ikiendelea kufanya kazi kwa sababu ya maagizo ya korti. Taasisi iliyo katika hali hiyo hailipi madeni yake ipasavyo, maana kila afisa anatarajia atakayerithi ndiye alipe, na atakayerithi hataki deni lisilokaguliwa. Hospitali za misheni na za binafsi ziliingia SHA zikiidai NHIF mabilioni. Machi 2025 Rais aliagiza wanaodai shilingi milioni 10 kwenda chini walipwe na wengine wakaguliwe kwanza. Katikati ya mvutano huo, katika wiki za mwanzo za SHA, wagonjwa wa kusafishwa figo na wa saratani waliambiwa walipe taslimu katika baadhi ya hospitali kwa kuwa mfumo haukuwasoma. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani halaumu Mahakama ya Rufaa, anailaumu SHA, na jirani yake aliyekuwa akifikiria kuchanga anaahirisha. Matokeo yakaonekana kwenye takwimu: kufikia katikati ya 2025 waliojisajili walipita milioni 20, lakini waliokuwa wakichanga ni sehemu ndogo tu, wengi wao waajiriwa ambao hawana namna ya kukwepa. Kubonyeza *147# ili kujisajili ni bure, kulipa ni suala la imani.

Upinzani nao ulipata zawadi ambayo si nzuri kwa nchi. Korti inapofuta mageuzi kwa sababu ya utaratibu, anayepinga halazimiki kusema angefanya nini badala yake. Anatosheka kusema "ni haramu". Ndiyo maana katika mwaka mzima wa kelele za SHA ni vigumu kupata mwanasiasa aliyetaja kiwango chake mwenyewe cha mchango, au aliyeeleza Hazina ya Dharura na Magonjwa Sugu, mfuko mmojawapo wa SHA, ingepata wapi fedha bila kodi zaidi.

Marekani inatoa onyo la aina nyingine. Tarehe 28 Juni 2012 Mahakama ya Juu huko iliiokoa sheria ya afya ya Obama kwa kura 5 kwa 4, lakini ikaamua kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kupanua Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini. Kipande hicho kimoja kiliunda ramani ya siasa inayoendelea hadi leo: zaidi ya miaka kumi baadaye majimbo 10, Texas na Florida yakiwemo, yalikuwa bado hayajaupokea upanuzi huo. Kwingine, kama Missouri na Oklahoma, wananchi waliuleta wenyewe kwa kura ya maoni baada ya wanasiasa wao kukataa. Wapiga kura walioulizwa moja kwa moja walikubali jambo ambalo viongozi wao waliapa kwamba hawalitaki.

Kwa Kenya bado kuna kazi inayoweza kufanyika bila kungoja korti yoyote. Bunge lifute kifungu 26(5), liandike upya 27(4) ili huduma za msingi na za dharura zisitegemee mchango hata siku moja, na liweke ndani ya sheria yenyewe haki ya kulipa kwa mwezi au kwa wiki. Mswada uchapishwe kwa Kiswahili pia, vikao vifanyike katika kaunti zote 47, na ripoti ya kamati ionyeshe maoni gani yalikubaliwa, yapi yalikataliwa na kwa nini. Mahakama ya Juu ilishaeleza mwaka 2019, katika kesi ya kanuni za tumbaku, kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli na si wa kutimiza wajibu tu, na katika kesi ileile kanuni za Wizara ya Afya zilisimama kwa sababu wizara ilionyesha rekodi ya waliosikilizwa. Wizara inayo mfano huo kwenye mafaili yake. Deni la NHIF nalo liwekewe jedwali la malipo lenye tarehe, lichapishwe, na kila hospitali ione jina lake na kiasi chake.