Rotesheni ya upasuaji wa ubongo na mgonjwa aliyeko Mkoani

Tangu mwaka 2014, kilipofunguliwa kituo cha NED, taasisi ya hisani ya upasuaji wa ubongo kutoka Uhispania, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa juhudi za bingwa wa Kihispania José Piquer, upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo umekuwa ukifanyika hapa hapa Unguja, na si lazima tena kila aliyevilia damu kichwani avushwe bahari kwenda Dar es Salaam. Kuwepo kwa kituo hicho kumezusha suala ambalo zamani lisingekuwa na maana: je, kila mwanafunzi wa udaktari anayesomea visiwani apitishwe kwenye wadi hiyo kwa wiki kadhaa, kama anavyopitishwa wadi ya wazazi na ya watoto, au rotesheni hiyo iachiwe wachache wanaoitaka kwa hiari yao?

Wanaosema iachiwe wachache wana hoja nzito. Masomo ya udaktari ni miaka 5, na baada yake kuna mwaka mmoja wa utarajali. Wiki 2 zinazotolewa kwa ubongo lazima zikatwe mahali pengine, na kila panapokatwa pana mgonjwa wake. Daktari mpya atakayepangiwa hospitali ya wilaya atakutana na uzazi uliokwama, homa ya mapafu, sukari na presha kila siku, ilhali uvimbe wa ubongo huenda asiuone kwa miezi. Mabingwa wenyewe ni wachache, nao wanatakiwa wapasue, wazungukie wagonjwa na wawafundishe madaktari walio chini yao kabla hawajafikiriwa wanafunzi. Isitoshe, mwanafunzi anayesimama saa 5 nyuma ya watu wanne katika chumba cha upasuaji mara nyingi anachokiona ni mgongo wa bingwa, na jioni anarudi dakhalia akiwa na hadithi nzuri ya kuwasimulia wenzake, lakini hana alichojifunza kukifanya kwa mikono yake.

Hoja hii ya mwisho naikubali kabisa. Ila inachokipinga ni rotesheni iliyojengwa juu ya chumba cha upasuaji, na sioni kwa nini ijengwe huko.

Tuchukue kijana wa bodaboda aliyeanguka bila ya kofia ngumu njia ya Mkoani, kule Pemba. Amezimia kwa dakika chache, kisha ameamka, anataja jina lake na anaomba maji. Jamaa zake wanashusha pumzi, na daktari asiyewahi kuiona hali hiyo naye huenda akashusha pumzi pamoja nao. Kumbe mshipa uliochanika chini ya mfupa wa fuvu unaendelea kumwaga damu kidogo kidogo, na kwa kuwa fuvu la mtu mzima halitanuki, damu ikizidi ubongo hauna pa kwenda. Baada ya saa chache kijana anaanza kusinzia, anatapika, mboni ya jicho moja inapanuka na haijibu mwanga. Hapo muda uliobaki ni mdogo mno. Ndani ya saa zile za utulivu wa uongo hapakuhitajika mtu wa kupasua, bali mtu wa kumpima fahamu kila baada ya muda na kuandika alichokiona. Kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, hakitaki mashine wala umeme: macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6, jumla 15, na mtu aliyeshuka hadi 8 huhesabiwa kuwa ameumia vibaya na hawezi kuaminiwa kulinda njia yake ya hewa. Alama moja peke yake haisemi mengi. Linalozungumza ni kushuka kutoka 14 hadi 11, na kushuka huko hakuonekani na aliyepima mara moja tu.

Ujuzi huu husomwa kitabuni, na kila mwanafunzi huukariri siku ya mtihani. Kitabu hakimuonyeshi mgonjwa halisi anayepotea mbele ya macho yake kati ya raundi ya asubuhi na ya mchana. Wadi humuonyesha. Humfundisha pia mambo ya kutoyafanya: mchumaji wa karafuu aliyeteleza mtini asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kabla shingo yake haijatulizwa, na aliyeumia kichwa asipewe steroidi kwa kudhani kwamba zitapunguza uvimbe. Hili la pili lilikuwa desturi ya madaktari kwa miaka mingi, mpaka utafiti uliowahusisha wagonjwa 10,008 na kuchapishwa mwaka 2004 ulipoonyesha kuwa waliopewa dawa hizo walikufa zaidi kuliko wasiopewa.

Liko na la watoto, ambalo kwa maoni yangu peke yake linatosha kuihalalisha rotesheni. Mtoto mwenye kichwa kikubwa kwa kujaa maji huokolewa, au hukosa kuokolewa, kwenye kliniki ya mama na mtoto, pale ambapo utepe wa kupimia unapozungushwa kichwani au unapoachwa mezani. Mwanafunzi aliyewahi kugusa utosi uliojaa na kuyaona macho yaliyoelemewa yakitazama chini hatamwambia mama arudi baada ya miezi 3. Na aliyemuona mtoto wa mgongo wazi ataelewa kwa nini vidonge vya foliki vya mikrogramu 400 kwa siku vinatakiwa vianzwe kabla ya mimba, kwani uti wa mgongo huwa umeshajifunga mnamo siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajijua kuwa wana mimba.

Kwa hiyo nauunga mkono upande wa ulazima, lakini kwa sharti ambalo huenda likawaudhi wanaoipenda rotesheni kwa ajili ya fahari yake. Wiki 2 zinatosha, na nyingi kati ya siku hizo ziwe katika kitengo cha dharura na wadini; chumba cha upasuaji kipewe siku moja au mbili, na anayetaka zaidi aombe kipindi cha hiari. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na zaidi ya 543,000 kati yao wako Pemba, upande wa pili wa maji. Mafunzo yanayomalizikia Mnazi Mmoja yanamuandaa daktari wa mahali ambapo bingwa yuko hatua chache tu kutoka kitandani, hali ambayo wengi wao hawataikuta watakakopangiwa.

Hata mtihani wake ningependa uwe mwingine. Badala ya kuulizwa majina ya mishipa ya fahamu, mwanafunzi apewe simu na mgonjwa wa kuigiza, kisha aeleze kwa dakika 2: ameumia saa ngapi, fahamu ilikuwa ngapi alipofika na sasa ni ngapi, mboni zikoje, mkono upi hauna nguvu, presha na oksijeni vimesimama wapi, na amemfanyia nini mpaka sasa. Anayesikiliza upande wa pili awe bingwa mwenyewe, na akishindwa kuamua kutokana na maelezo hayo kama mgonjwa apandishwe ndege sasa hivi au asubiri boti ya asubuhi, mwanafunzi arudie rotesheni.